Jibu: "by six" na "until six" unapowaandikia wageni

Mkuu, umeuliza tofauti ya "by six" na "until six" unapowaandikia wageni unaowachukua hotelini Moshi kwenda geti la Marangu, la kupandia Mlima Kilimanjaro. "Be ready by six" maana yake ikigonga saa kumi na mbili asubuhi wawe tayari. Wakiwahi zaidi, sawa tu. "Until six" ni jambo linaloendelea hadi saa hiyo, kisha linakoma, kama "Breakfast is served until nine". Kwa hiyo ukiandika "Be ready until six", mgeni anaweza kuelewa kwamba baada ya hapo yuko huru kurudi kulala! Tunakosea kwa sababu "mpaka" yetu mara nyingi inabeba yote mawili.

Kinachopoteza watu zaidi ni "half seven". Kwa Mwingereza ni saa moja na nusu. Mjerumani, akiifuata lugha yake, ataisikia saa kumi na mbili na nusu. Gari la mlimani lisitegemee hilo. Andika tarakimu, "7:30 a.m.", na uhakikishe umeshaongeza sita kwenye saa yetu ya moja na nusu.

"In two hours" ni saa mbili zikishapita. Kama unamaanisha kabla hazijaisha, andika "within two hours".