Mtoto kupakwa SDF: mbona jino linageuka jeusi?

Mama mmoja wa Kayole ameuliza hivi: binti yake wa miaka minne ana magego mawili yametoboka na meno ya mbele yameanza kuoza, kliniki wamemwambia watampaka SDF, dawa ya kusimamisha kuoza, hakuna sindano hakuna kuchimba, ila meno yatageuka meusi. Anauliza si afadhali yang'olewe tu, kwani si ni ya utoto?

Mama, usikimbilie kung'oa. Magego ya utoto yanakaa mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12 hivi, ukiyatoa saa hii yale ya kando yanasogea na jino la ukubwani linakosa pa kutokea.

SDF ni silva diamini floridi, dawa ya maji maji. Silva inaua bakteria, floridi inakaza jino. WHO waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2021, kwa hivyo usione kama ni majaribio wanamfanyia mtoto wako. Wanampaka vaselini kwenye midomo, wanakausha jino na pamba, halafu kaburashi kadogo sana kanapaka tone kama dakika moja hivi. Atalalamika ladha ya chuma, basi. Ikigusa ngozi inaacha doa ambalo linatoka lenyewe kwa wiki moja au mbili, lakini ikidondokea nguo hilo halitoki.

Sasa huo weusi. Unashika pale palipooza peke yake, jino zima haligeuki, na haubanduki hata usugue aje. Mkirudi, daktari ataguza hapo na kifaa: pakiwa pagumu na panang'aa, kuoza kumesimama, pakiwa bado laini anapaka tena. Na hata ikishika vizuri, kawaida tunarudia baada ya miezi sita, mara moja pekee mara nyingi haitoshi.

Mimi magego ningepaka bila kufikiria mara mbili. Ya mbele ndiyo ya kukaa chini muongee, kwa sababu yanaonekana akicheka. Yanaweza kuzibwa juu na dawa nyeupe baadaye ingawa weusi unaweza kuonekana kidogo kwa chini, ama kama anatulia kwa kiti yazibwe tu moja kwa moja. Omba uonyeshwe picha za watoto wengine kabla hujatia sahihi.

Lakini kama jino linamwamsha usiku, ama kuna kijipu kwa ufizi, SDF haisaidii hapo, uozo umeshafika kwa neva na hilo linahitaji matibabu mengine. Waambie pia kama ana aleji ya silva au vidonda mdomoni.

Shimo lenyewe halitajaa, chakula kitaendelea kuingia humo, kwa hivyo uliza kama watalijaza baadaye. Chupa ya maziwa kitandani iishe kabisa. Mpige mswaki wewe mwenyewe asubuhi na usiku na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje moja ya minji, ateme tu asisukutue na maji.