Kabla ya kuuacha mfuko, piga hesabu ya kilichokuwamo

Swali la wiki hii limeuliza: je, mkulima anaweza kuacha kabisa mbolea na dawa za viwandani na bado akavuna vizuri? Anaweza. Ila wengi wanaoshindwa nia wanayo, hesabu ndiyo inayowaangusha.

Mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una naitrojeni, kirutubisho kikuu cha kukuza majani, asilimia 46, yaani kilo 23. Tani nzima ya mboji, ikiwa na asilimia 1, ina kilo 10 tu, na msimu wa kwanza inatoa sehemu ndogo. Iliyobaki hutoka polepole kwa miaka. Kwa hiyo anayeacha mfuko mmoja akamwaga toroli kumi za mboji, kama nusu tani, ameondoa kilo 23, akarudisha pengine kilo 5, na nyingi ya hizo hazitoki mwaka huo. Mahindi yakianza kugeuka manjano kwenye majani ya chini, njano ikiingia kutoka nchani na kufuata mshipa wa kati kama herufi V, kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, kisilaumiwe. Shamba lina njaa. Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na dawa za kemikali kwa nchi nzima mwaka 2021, bila mbadala wa kutosha, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imerudi nyuma.

Pengo hilo linazibwa hasa na mimea ya jamii ya kunde: marejea, fiwi, mukuna, mbaazi. Hapa watu hupanda tu wakaamini kazi imefanyika, kumbe kuna namna ya kuhakikisha. Mmea ukikaribia kutoa maua, uchimbe kwa koleo. Usiung'oe kwa mkono, maana vinundu, vile vivimbe vya mizizini wanamoishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hukatikia ardhini. Osha mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kama nyama mbichi, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakuna naitrojeni inayotengenezwa hapo: huenda udongo una asidi kali, au hauna bakteria wa aina inayopatana na mmea huo. Dawa yake ni chokaa ya kilimo kwa sababu ya kwanza, na kuchanganya mbegu na bakteria wanaofaa kwa ya pili.

Ufyeke mmea maua yanapoanza, kabla ya maganda kujaa. Ukisubiri uvune nafaka, naitrojeni nyingi imehamia kwenye mbegu na unaondoka nayo ndani ya gunia. Soya iliyovunwa huacha kidogo sana. Baada ya kufyeka na kuchanganya na udongo, ngoja wiki mbili hadi tatu ndipo upande, vinginevyo miche itaota katikati ya uozo.

Mboji nayo inataka biwi lisilopungua mita 1 kila upande, la sivyo joto halikai. Changanya vitu vikavu (mabua, majani makavu) na vibichi (majani mabichi, samadi), vikavu vikiwa vingi zaidi kwa ujazo, na maji ya kiasi cha sponji iliyokamuliwa. Chomeka fimbo ya chuma hadi katikati, iache dakika kumi, kisha uiguse: iwe moto wa kukufanya uachie. Biwi likifika nyuzi joto 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, huku likipinduliwa ili pembeni paingie katikati, mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa hufa. Harufu kali kama ya mkojo inasema vibichi vimezidi. Harufu ya yai viza inasema maji yamezidi na hewa haipiti. Na majivu usiyamwage juu ya samadi mbichi, kwani hufukuza naitrojeni hewani.

Kuna hatari moja isiyosemwa vya kutosha. Baadhi ya dawa za magugu zinazopigwa kwenye malisho hupita tumboni mwa ng'ombe, hutoka kwenye samadi na kuvumilia hata joto la biwi. Kabla ya kutumia samadi usiyojua ilikotoka, jaza makopo machache mchanganyiko wa samadi hiyo na udongo, mengine udongo mtupu, upande maharage kote. Majani machanga yakijikunja kama kikombe kwenye makopo yenye samadi lakini si kwenye ya udongo mtupu, samadi hiyo isiguse nyanya wala maharage yako.

Kwa wadudu, twanga gramu 500 za kiini cha mbegu za mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa sababu jua huharibu nguvu yake. Haiui papo hapo; huwafanya wadudu wakatae kula na washindwe kukua. Anayetazama asubuhi akaona viwavi bado wapo hukata tamaa mapema. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7. Maji ya tumbaku yaacheni kabisa: nikotini ni sumu kali kwa anayenyunyiza, na tumbaku inaweza kuiletea nyanya ugonjwa wa virusi. Kitu kutoka kwenye mmea si lazima kiwe salama.

Usihamishe shamba lote kwa mara moja. Tenga robo, panda humo jamii ya kunde msimu mzima, palipobaki endelea ulivyozoea. Msimu unaofuata robo hiyo ipate mboji na zao lako, na robo ya pili iingie kwenye kunde. Vuna kila kipande peke yake, upime kwa mizani ileile na kuandika. Robo ya kwanza ikifikia kiasi cha eneo la mifuko, hapo ndipo upunguze mfuko mwingine.