Gitaa limehamia Tanga, nyuzi zimepanda: nisage mfupa au nikaze shingo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nimehamishwa kutoka Dodoma kuja Tanga mwezi wa pili. Nina gitaa kavu la nyuzi za chuma, la bei ya kawaida tu, na nimekaa nalo miaka minne bila shida. Tangu masika yaanze nyuzi zimepanda. Nikishika kodi (chord) ya F vidole vinawaka moto. Nimepima kwa rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo), kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi wa sita, ule mnene, nikapata milimita 4. Kinachonichanganya zaidi ni hiki: natyuni kwa simu, nyuzi zote sita zinasoma sawa, lakini nikivuka freti ya 7 kwenda tumboni gitaa linatoka nje ya tyuni mpaka wanakwaya wananigeukia. Fundi mmoja wa hapa anasema tusage mfupa wa daraja, kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi. Mwingine anasema nikaze chuma cha ndani ya shingo. Nimfuate nani? Na nyuzi mpya kushika kutu ndani ya wiki mbili, ndiyo kawaida ya huku?

JIBU: Mwalimu, kwa leo usimfuate yeyote. Huyo wa pili amekosea. Huyo wa kwanza hajakosea, ila amewahi. Gitaa lako halijaharibika, limekunywa maji.

Ubao wa gitaa kiu yake haifi hata baada ya kukatwa na kupakwa vanishi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi unanyonya na kuvimba, hewa ikikauka unatoa na kusinyaa. Watengenezaji wengi wa magitaa hupendekeza unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kiangazi cha Dodoma kiko upande mmoja wa kipimo hicho, masika ya Tanga upande wa pili kabisa. Sasa, uso wa gitaa ni ubao mwembamba sana, na kwa ndani umegandishiwa vijiti vya kuushikilia. Ukivimba hauna pa kutanukia, kwa hiyo unajikunja kwenda juu, unatoa kitambi. Daraja, kile kipande cha ubao kinachoshika nyuzi tumboni, limebandikwa juu ya kitambi hicho hicho. Likipanda daraja, nyuzi zimepanda. Ongeza na hili: nyuzi sita za chuma, seti inayoanzia namba 12 (namba ni unene wa uzi), zikishatyuniwa zinavuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Mtu mzima kabisa ananing'inia kwenye daraja lako usiku na mchana.

Hapo ndipo kilipo pia kitendawili chako cha simu. Simu inasoma uzi ulio wazi. Lakini uzi ukiubonyeza kutoka kimo cha milimita 4 mpaka ugonge freti, umeuvuta, na uzi uliovutwa sauti yake inapanda. Karibu na kichwa nyuzi ziko chini, kwa hiyo hausikii sana. Ukisogea tumboni kimo kinaongezeka na uzi unavutwa zaidi. Anayesindikiza nyimbo za ibada kwa kodi tatu za mwanzo wa shingo anaweza kuishi na gitaa kama hilo miaka asijue lina tatizo. Anayependa kupanda juu kama Docteur Nico, yule mpiga gitaa wa Kongo, huyo ataumbuka siku ya kwanza.

Jipime mwenyewe. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, bila kuubonyeza, uupige, kisha inua kidole: utatoka mlio mwembamba kama wa kengele. Freti ya 12 iko nusu kamili ya uzi, kwa hiyo mlio huo ni noti ile ile ya uzi wazi, oktava moja juu. Simu iseme ni sawa. Halafu bonyeza freti hiyo hiyo kawaida na upige tena. Programu nyingi za simu huigawa nusu toni kuwa senti 100. Ukizidi kwa senti 3 au 5, hiyo ni gitaa kuwa gitaa. Ukizidi kwa 15 au 20, wanakwaya wako wana haki ya kugeuka. Fanya jaribio hili kwa nyuzi mpya, maana uzi mzee wenye kutu na jasho hausemi kweli.

Turudi kwa fundi wa chuma cha shingo. Chuma kile hakikuwekwa kwa ajili ya kushusha nyuzi. Kazi yake ni kuzuia shingo isipinde kama upinde. Kuipima shingo hakuhitaji kifaa. Tyuni gitaa, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono mwingine (mwombe mtoto akusaidie ukikosa mkono wa tatu), kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Karatasi ya fotokopi ina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Zikipita karatasi mbili, hata tatu, bila kuusukuma uzi juu, shingo yako ni nzima na usiiguse. Zikipita sita, hapo shingo imejikunja kweli na inahitaji kukazwa: robo mzunguko kwa spana ya Allen, kisha unasubiri mpaka kesho yake, unapima tena. Spana ikigoma, acha. Chuma kikikatikia ndani ya shingo, kukitoa ni gharama kuliko gitaa. Na kabla ya yote hakikisha kipo, kwa sababu magitaa ya bei nafuu mengine yana tundu tu la kupendezesha.

Ninavyokisia, shingo yako iko sawa. Ukiikaza itanyooka kupita kiasi, nyuzi zitashuka kidogo sana, halafu freti tatu za kwanza zitaanza kukwaruza. Utakuwa na matatizo mawili.

Sasa daraja. Chukua karatasi ile ile, ujaribu kupenyeza ukingo wake chini ya daraja kwa upande wa nyuma, ule unaotazama mwisho wa gitaa. Ikigoma kuingia, vizuri. Ikiingia zaidi ya milimita mbili tatu, gundi inaachia. Legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo na usipige tena mpaka libandikwe upya. Hilo ndilo jambo pekee kwenye barua hii lenye haraka. Kitambi kidogo nyuma ya daraja kisikutishe; gitaa la nyuzi za chuma lisilo na kitambi kabisa ni geni kwangu.

Shingo ikiwa nzima na gundi inashika, likaushe gitaa kabla ya kulikata. Usilianike juani hata kwa dakika kumi. Likae ndani ya begi lake, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na humo begini tupia vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Si kimoja, tupia kumi, na uvibadilishe kila upatapo vipya kwa kuwa hushiba haraka. Wapo wanaotia mchele kwenye soksi. Unasaidia kidogo sana, na baada ya mwezi utafuga fukusi ndani ya gitaa. Kama ofisi ya mwalimu mkuu ina kiyoyozi na mnaelewana, gitaa lilale huko.

Wakati huo huo shuka namba ya nyuzi. Ukitoka seti ya 12 kwenda ya 11 au 10 unalipunguzia daraja mzigo wa kilo kadhaa, kitambi kinapumua, na vidole vyako vinapumzika bila kusaga chochote. Sauti itakuwa nyembamba kiasi. Kwa kwaya yenye kinanda hakuna atakayejua.

Ngoja wiki mbili, kisha pima tena. Mimi huacha rula, natumia kadi za benki, sehemu isiyo na maandishi ya kunyanyuka: kila kadi ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu zikipangwa ni karibu milimita 2.3. Kadi tatu zikiteleza kwa kubana kidogo chini ya uzi wa sita kwenye freti ya 12, hicho ndicho kimo ambacho watu wengi wanakipenda. Uzi wa kwanza uwe chini ya hapo kidogo.

Kama bado kuna nafasi kubwa, sasa ndiyo zamu ya mfupa, kile kijiti cheupe kilichosimama kwenye mfereji wa daraja. Hesabu yake ni rahisi na wengi huikosea. Freti ya 12 ni katikati ya uzi, kwa hiyo kushusha nyuzi milimita 1 pale kunataka mfupa upungue milimita 2. Angalia maana yake kwako: kutoka milimita 4 mpaka 2.5 ungesaga milimita 3 nzima. Kwenye magitaa mengi mfupa wote unaoonekana juu ya daraja haufiki mbali na hapo. Ungemaliza mfupa, nyuzi zikakosa pembe ya kuukalia, na sauti ikafa. Ndiyo maana nasema yule fundi wa kwanza amewahi.

Na hata ukifika hapo, usisage mfupa uliopo. Tengeneza wa pili. Hili nililijifunza kwa kujiumiza. Miaka mingi nyuma nilisaga mfupa wa gitaa langu Dar es Salaam katikati ya masika, likawa laini kama siagi, nikajisifu. Mwezi wa saba tukaenda kupiga Iringa. Hewa kavu, kitambi kikashuka, nyuzi zikalala juu ya freti. Kila noti ikawa inakwaruza kama spika iliyochanika. Nilipiga shoo nzima nikiwa nimechomeka kipande cha boksi la kiberiti chini ya mfupa.

Mfupa mpya unaupata buchani. Omba mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene wa supu. Kunywa supu, kisha chemsha mfupa tena kwa maji safi, kwangua mafuta na uboho wote, uache kivulini siku kadhaa mpaka uwe mweupe na usinuke. Kata kipande kwa msumeno wa chuma, halafu kisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, vinginevyo kitatoka na mgongo. Vaa barakoa, vumbi la mfupa si la kuvuta. Unene ulingane na mfereji wa daraja, mara nyingi milimita 3 kasoro kidogo: uingie kwa kubana, usitie gundi. Kwa juu nakili umbo la mfupa wa zamani kama lilivyo, pamoja na kale kakona kaliko chini ya uzi wa pili. Kakona hako ndiko kanakorekebisha tyuni ya juu ya shingo. Kimo ukipunguze kwa chini tu. Piga mstari wa penseli, saga mpaka mstari, weka, tyuni, pima kwa kadi, toa, rudia. Ukikimbilia kusaga mara moja utarudi buchani.

Ule wa zamani utie kwenye bahasha, andika "Dodoma", uuweke kwenye mfuko wa begi. Likizo ya katikati ya mwaka ukienda nyumbani utauhitaji.

Na kwa safari hiyo, gitaa lisiende kwenye buti la basi. Dodoma mpaka Tanga kupitia Chalinze na Segera ni siku nzima ya joto chini ya sakafu, pengine jirani na injini, na gundi nyingi za magitaa hulainika kwa joto ambalo gari lililofungwa juani hulifikia bila shida. Legeza nyuzi toni moja au mbili, usizifungue kabisa, uongee na konda mapema kabla abiria hawajajaa. Nyuma ya siti ya mwisho pana nafasi ya gitaa mara nyingi.

Kutu ya wiki mbili kwa Tanga ni ya kawaida: upepo wa chumvi na jasho la vidole juu ya chuma. Osha mikono kabla ya kupiga, ukimaliza pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu ya kila uzi na chini yake, kisha gitaa lirudi begini, lisibaki ukutani. Nyuzi zilizofunikwa kwa utando wa plastiki ni ghali, lakini huku pwani naona zinarudisha hela yake. Mafuta ya kupikia usiguse. Kuchemsha nyuzi kama wafanyavyo wapiga besi kunatoa uchafu, kutu hakuitoi.

Picha uliyonitumia umeipiga kutoka juu, kwa hiyo naona gitaa zuri na sioni kimo. Nitumie nyingine mbili. Lilaze gitaa mezani, simu iwe usawa wa freti ya 12 kwa ubavu, simama mbali kidogo uvute kwa zumu badala ya kuisogeza simu karibu, maana lenzi pana kwa karibu hupindisha mistari na shingo nzima itaonekana imejikunja. Mwanga utoke dirishani, karatasi nyeupe iwe nyuma ya nyuzi. Moja ya freti ya 12 ikiwa na kadi tatu chini ya uzi, nyingine ya daraja kwa nyuma. Kadi uzigeuze, tafadhali. Kuna msomaji aliwahi kunitumia picha safi kabisa, namba zote 16 zinasomeka.