Barua kwa Mwanangu: Siku Babako Alipokauka Sauti

Mwanangu Athman,

Sisi wazima, ila joto. Waniuliza kama umtie mjukuu wangu Nasri kwa yule kocha wa koni huko Nairobi, awazungushaye watoto na mpira baina ya koni za plastiki, maana ana miaka 7 na bado yuwafuata mpira tu, yeye na wenzake kundi moja kama kuku waliomwagiwa mtama.

Kundi hilo lisikutishe. Umri huo mtoto huona mpira tu, hawaoni wenzake. Wewe ulikuwa hivyo hivyo mpaka ile Jumamosi ya uwanja wa Serani, hapa Mombasa, babako alipokauka sauti.

Wamjua. "Piga! Rudi! Toa kushoto!" Ukipata mpira ulimtazama yeye kwanza, na hapo ushanyang'anywa. Siku hiyo mafua yalimfunga koo. Akaja na chupa ya chai ya tangawizi, akawa arusha mikono tu kama askari wa trafiki. Kipindi cha kwanza ulipotea. Cha pili ukaacha kumtazama. Nakuona hadi leo: mpira haujakufikia, ukageuza shingo, ukaangalia nyuma ya bega, kisha ukamsukumia Swaleh aliyesimama peke yake pembeni. Hakuna aliyekwambia! Swaleh akaupaisha, ndiyo, na mkafungwa mawili. Mimi nilipiga kigelegele peke yangu, wale mama wengine wakaniona mwehu.

Jumamosi iliyofuata sauti ikarudi. Haya.

Simlaumu. Au namlaumu, sijui. Viatu alinunua yeye, na mechi za Likoni ni yeye aliyekuvusha feri alfajiri. Lakini mimi nasema siku zote: macho kwanza, miguu baadaye. Mtaani Kibokoni mlicheza wanne kwa wanne, mpira wa makaratasi, ukuta warudisha pasi, mkokoteni wapita katikati. Asiyeinua kichwa aliumia. Hata Uingereza watoto wa chini ya miaka 8 huchezeshwa watano kwa watano, uwanja mdogo. Wakiwa wachache, kila mmoja hupata mpira mara nyingi, na nafasi zaonekana. Babu yako akihadithia Feisal, timu yetu ya Mombasa, walivyochukua ligi ya Kenya mwaka 1965, mbio hakuzitaja. Alitaja vichwa vilivyoinuka. Macho, Athman.

Basi wapangie magoli ya champali, mawili kila upande, Nasri alazimike kutafuta lipi halina mtu. Akikosea usimtajie alichopaswa kufanya. Ngoja anywe maji, umuulize: ulimwona nani? Kisha nyamaza, hata akijibu ovyo. Hapo kwenye kunyamaza ndipo nina wasiwasi nawe, maana koo ni la babako.

Kuhusu kocha, hilo ni lako na mkeo. Mimi simo. Ila koni haisogei, wala haimnyang'anyi mtu mpira. Nimenyamaza.

Babako auliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia naomba pesa za gesi, kwa hivyo zitume.

Mamako