Lengo lako lipe tarehe

Kila Januari watu tunasema maneno yale yale. Mwaka huu nataka kubadilika. Mwaka huu nataka maendeleo. Mwaka huu Mungu akipenda nitasimama. Ni dua nzuri, na mtu akiisema mbele yangu naitikia amina. Lakini mwulize mtu huyo huyo mwezi wa nne amefikia wapi, utamwona anatafuta la kujibu, maana hakusema anataka kitu gani hasa, wala mpaka lini.

Haya nawaandikia dada zangu na wadogo zangu, hasa mlioacha shule njiani, mnaonifuata gengeni kuniuliza niliwezaje kupata cheti cha kidato cha nne huku nauza mboga Kihonda, hapa Morogoro, na watoto wawili wananisubiri nyumbani. Wengine mnadhani nina akili za pekee. Wengine mnadhani kuna mtu alinishika mkono kwa fedha. Nilichokuwa nacho ni lengo lililoandikwa, na siku ambazo hamu ya kusoma haikuwepo kabisa, lile andiko ndilo lililoniamsha.

Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Enzi hizo binti aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi darasani katika shule ya serikali. Ruhusa ilikuja kutangazwa Novemba 2021, mimi nikiwa mama mwenye genge na kodi ya nyumba. Niliwafurahia mabinti wa sasa mpaka machozi yakanitoka. Kwangu iliyobaki ni njia ya kujisomea: unaanza na mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, na ukifaulu unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea ili ufanye mtihani wa kidato cha nne.

Mwezi Januari 2022 nilichukua daftari langu la genge, lile la kuandikia mauzo na madeni ya wateja, nikafungua ukurasa wa mwisho nikaandika: QT Novemba 2022, kidato cha nne Novemba 2023. Basi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nikaona kama mafungu ya mchicha yanaandikiwa daftari, maisha yangu hayawezi kukaa kichwani tu. Na kwa kuwa daftari lile nalishika kila jioni nikifunga hesabu, kila jioni ule ukurasa wa mwisho niliuona.

Tofauti ya "nataka kusoma" na "QT Novemba 2022" ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hilo la kwanza unaweza kulisema hadi uzeeni bila kuamka hata siku moja. La pili linakuuliza maswali papo hapo: usajili unafunguliwa lini, ada ni kiasi gani, masomo yapi, nani atanifundisha Hisabati? Ukishaanza kujibu maswali hayo tayari umeanza safari.

Katika historia ya nchi yetu kuna mfano wa jambo hili ninaoupenda sana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Angeweza kuishia kwenye wito kwamba Watanzania tujifunze kusoma na kuandika, na watu wakapiga makofi. Lakini mwaka ule ulipokuwa unaisha alitaja wilaya sita, zikiwemo Mafia na Ukerewe, akasema ujinga wa kutojua kusoma ufutwe huko kabla ya mwisho wa 1971. Hapo mkuu wa wilaya hana pa kujificha, na mwalimu naye anajua ni watu gani na ana muda gani. Baadaye TANU ikaweka lengo la nchi nzima kufikia 1975. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wawili kati ya watatu hivi hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ukaonyesha wamebaki kama asilimia 39. Hawakufuta kabisa kama walivyokusudia, lakini mamilioni ya watu walikuwa wamejua kusoma. Bibi yangu ni mmoja wao. Alijifunza kuandika jina lake katika madarasa yale akiwa mama wa watoto, na mpaka anafariki alikuwa akipokea karatasi yoyote ya serikali anaweka saini, hachovyi dole gumba kwenye wino. Kwa hiyo mtu akiniambia malengo yenye tarehe ni mambo ya maofisini, ya watu wenye kompyuta, namkumbuka bibi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko la tarehe: lengo liwe la kwako. Mtaani kwetu malengo mengi yanaazimwa. Jirani kanunua bajaji, na wewe unataka bajaji. Wenzako uliosoma nao wameanza kujenga, nawe unakimbilia kiwanja ambacho hata barabara ya kufika hakina, ili tu ukiulizwa uwe na la kusema. Fedha inakwenda na furaha huioni, kwa sababu tangu mwanzo kile kitu hukukitaka wewe.

Kimani Maruge wa Kenya hakuazima kwa mtu. Serikali ya Kenya iliondoa ada za shule ya msingi mwaka 2003, na Januari 2004 mzee huyu mwenye miaka 84, aliyewahi kupigana Mau Mau, akaenda kujiandikisha darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret. Alivaa kaptula na soksi kama sare inavyotaka, akakaa na watoto wa miaka sita. Alisema anataka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kujua kuhesabu fedha. Nalipenda lengo hilo kwa udogo wake. Hakutafuta ajira wala kumridhisha mtu, alijua tu ni kitu gani maisha yalimnyima na akakifuata. Hata ghasia za baada ya uchaguzi zilipomng'oa kwake, na akaishia kwenye makazi ya wazee Nairobi, aliandikishwa tena shule huko. Alifariki Agosti 2009 akiwa bado mwanafunzi. Mtu mwenye lengo la kuazima angekuwa ameshaliacha siku ya kwanza watoto walipomcheka.

Namna ya kujipima ni nyepesi. Jiulize: kama hakuna mtu hata mmoja atakayejua kwamba nimelitimiza, bado nitalitaka? Mimi nilijiuliza hivyo kuhusu cheti. Jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu kila mtoto wangu aliponiletea kazi ya nyumbani ya Kiingereza nilitamani kumsaidia mwenyewe, nisimtume kwa jirani.

Ukishalipata lengo lako, lishushe mpaka lifike leo asubuhi. Kwangu ilimaanisha kuamka saa kumi na moja kasoro, kabla ya kufuata mzigo soko la Mawenzi, nikafanya maswali ya pasti pepa, somo moja kwa siku. Sikuwa nasoma sura nzima ya kitabu. Nilichukua mtihani wa mwaka mmoja nyuma, nikajibu swali moja, nikakwama, ndipo nikaenda kwenye kitabu kutafuta pale nilipokwama tu. Hisabati ilinisumbua kuliko yote, nikampata kijana anayesoma chuo akawa ananielekeza Jumapili mchana, nami nampa mboga za wiki. Gengeni wateja huwa wachache baada ya saa tano mpaka saa tisa hivi, muda huo nilikuwa natumia kukariri Bayolojia na Historia. Kuna wateja walizoea kunihoji maswali huku wanachagua nyanya. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu, na yeye ndiye aliyenifundisha kuandika insha yenye mwanzo na mwisho unaoeleweka. Ukiwa na lengo linalojulikana, msaada unapata pa kukushikia.

Lakini faida kubwa kuliko zote niliyoipata ni kujua kukataa. Sisi tunaishi kwa kushirikiana, na sitaki kuishi vinginevyo. Msiba ukitokea nitakwenda, mgonjwa nitamtazama. Ila kuna michango ya harusi, kuna sendofu, kuna kitchen pati, na kila moja na sare yake ya kitenge. Mwanamke asiye na lengo hana sababu ya kukataa hata moja, maana fedha iliyoko mfukoni haina jina. Ukishaipa jina, hata ndugu wanaielewa.

Mwanzoni mwa 2024 mama mdogo alikuja gengeni na kadi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kadi yako ya mchango. Na kitenge cha sare nimeshakuchukulia, utanipa hela taratibu."

"Ahsante, mama. Kadi naipokea, na mchango nimeshautenga. Ila sare, mama yangu, niwie radhi. Hela hiyo ni ya ada ya mtihani, na siku za kulipia zinaisha."

"Mtihani gani tena na utu uzima huu?"

"Wa kidato cha nne, mama."

Alininyamazia kidogo, halafu akakunja kile kitenge akakirudisha kwenye mfuko. "Basi siku ya harusi wahi mapema utusaidie jikoni. Jikoni hapaulizwi sare."

Nilikwenda nikapika pilau na wenzangu hadi jasho likanitoka, na undugu haukupungua. Angalieni nilivyojibu, maana namna ya kukataa ina adabu zake. Sikusema sina hela, kwa sababu nilikuwa nayo na uongo hugundulika. Sikukataa shughuli yote. Nilitoa kile nilichokipangia na nikataja kwa jina kile kinachozuia mengine. Hivyo hivyo kwenye mchezo wetu wa upatu, nilimwomba kijumbe, yule anayepanga zamu, anipe zamu ya Januari ili pesa inikute wakati wa usajili. Akaipanga, kwa sababu nilimweleza ni ya nini. Mwenzangu mwingine aliyeomba zamu hiyo hiyo bila sababu akapelekwa Machi.

Mtagundua nimesema 2024, wakati daftari lilisema 2023. QT nilifaulu kama nilivyopanga. Kisha mwanzoni mwa 2023 mwanangu mdogo aliugua, tukalazwa, na fedha ya usajili ikaenda kwenye matibabu, na ndipo ilipostahili kwenda. Tuliporudi nyumbani nilifungua ule ukurasa wa mwisho, nikakata 2023 kwa mstari mmoja, nikaandika 2024. Nawasihi muelewe hapa vizuri. Tarehe ni mtumishi wa lengo, na mtumishi anaweza kubadilishwa. Nimewaona wengi wanaoona tarehe imepita wakaamua kwamba na lengo limekufa, wakafunga vitabu. Wewe andika tarehe mpya siku ile ile, kabla huzuni haijakaa. Ile ya zamani usiifute, iache ionekane, ili ujue umetoka wapi.

Kuhusu kuwaambia watu malengo yako, ushauri wangu ni mfupi. Waambie wanaohusika: anayekaa nawe nyumbani, anayekudai, anayekutegemea, anayeweza kukufundisha. Wengine watajua matokeo yakitoka. Huna haja ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp, kwa sababu pongezi za mapema hushibisha, na aliyeshiba haamki saa kumi na moja.

Matokeo yangu yalitoka Januari 2025, na sasa nasoma ngazi ya cheti katika ununuzi na ugavi, masomo ya jioni, genge nimemwachia mdogo wangu kuanzia saa kumi. Ukurasa wa mwisho wa daftari una mistari mipya, na mmoja wao ni wa mdogo wangu huyo, kaandika mwenyewe kwa mkono wake.

Kwa anayetaka kuanza kama nilivyoanza mimi: usajili wa watahiniwa wa kujitegemea kwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na ukichelewa unalipa faini juu ya ada, kwa hiyo anza kuweka akiba sasa hivi. Nenda kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu nawe ukaulize masomo yanayofanyika pale, maana si kila kituo kina yote, hasa ya sayansi yenye vitendo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi mikoani, nao watakueleza utaratibu wa QT na madarasa yaliyopo. Beba cheti chako cha kuzaliwa, na kama una matokeo yoyote ya shule uliyowahi kusoma yabebe pia. Kama upo Kihonda, pitia gengeni baada ya saa tano, pasti pepa zangu bado ninazo na nitakupa ukatoe kopi.