Kabla ya kukata miguu ya fremu, vaa viatu

Tulikuwa Nzuguni, Dodoma, nyumba ya vyumba vitatu, mama mwenye nyumba anataka laminati, yaani vibao vyembamba vya sakafu, vyumba vyote vya kulala. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa akikata miguu ya fremu ya mlango wa tatu kwa msumeno wa umeme, amechuchumaa, mguu wa kushoto ameutanguliza kama mtu anayepalilia. Diski ikagonga kitu kigumu ndani ya mbao, msumeno ukaruka kumfuata. Ulikata ncha ya ndala. Kidole kilipona kwa kuwa ndala ilikuwa ya kaka yake, kubwa kuliko mguu wake. Nilichomoa plagi, tukakaa kwenye kibaraza bila kuongea mpaka mama akatuletea maji.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemkabidhi msumeno nikimwona na ndala.

Tangu serikali ihamie Dodoma kazi za sakafu zimeongezeka sana, na nyingi ni za nyumba za zamani: sakafu ya saruji ipo, unapandisha laminati au marumaru juu yake. Hapo miguu ya fremu lazima ipunguzwe ili sakafu mpya iingie chini yake. Wengi wetu tunatumia grenda iliyofungwa diski ya meno, kinga imetolewa. Naomba sana tuache. Grenda ndogo inazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika, na haikai sawa na sakafu, kwa hiyo unaishika kwa kuinamisha mkono. Ikinasa kwenye mbao huna nguvu ya kuizuia.

Upo msumeno wa umeme uliotengenezwa kwa kazi hii hasa. Diski yake imelala sambamba na sakafu, kitako kinateleza chini, na kimo unakirekebisha. Ni salama kuliko grenda, lakini fikiria meno yanapita wapi: milimita 10 au 15 juu ya sakafu. Hapo ndipo vilipo vidole vya miguu, magoti, na waya wa ekstensheni. Siku hizi waya naupitisha begani, unashuka nyuma yangu. Viatu vya kufunika ni lazima, napiga magoti yote mawili nyuma ya msumeno, na mikono yote miwili inabaki kwenye mashine. Kuna mtu anapenda kuishika fremu upande wa pili ili isitikisike. Diski inatokea upande huo huo.

Kilichogongwa siku ile kilikuwa msumari. Fremu zetu zinashikiliwa ukutani kwa misumari mirefu, na fundi aliyepiga rangi ameshaifunika. Sasa natembeza sumaku ya spika mbovu kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiganja. Ikivuta chini kabisa, hapo natumia msumeno wa mkono. Vilevile nagonga kwa mpini wa nyundo, maana mchwa wa huku wanakula mguu wa fremu kwa ndani na kuacha ganda la rangi. Mguu wa namna hiyo usiukate, mwambie mwenye nyumba ubadilishwe.

Kimo usikikadirie kwa jicho. Weka kipande cha laminati yenyewe juu ya foamu yake, ile inayotandikwa chini yake, pandisha diski mpaka ipite juu yake kwa milimita moja hivi. Washa msumeno kabla meno hayajagusa mbao, subiri ushike kasi, uingize polepole. Angalia mshale wa mzunguko: sukuma kuelekea upande ambao meno yanapambana na mbao. Ukisukuma upande mwingine, diski inaupanda mguu na kukimbia na mashine. Ukimaliza, zima, na usiinue mpaka diski isimame yenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa plagi hapo hapo. Swichi za misumeno mingine zinajifunga, na umeme ukirudi mashine inaamka peke yake sakafuni.

Miwani na barakoa sitazirefusha, ila vumbi la mninga linawasha kifua, na dirisha wazi halitoshi, hasa upepo wa Dodoma ukiwa unakurudishia vumbi usoni.

Pembe ya ndani diski ya duara haiifikii. Usiilazimishe, malizia kwa patasi. Na kama mguu wa fremu umezikwa kwenye zege, kipande cha chini hakitadondoka baada ya kukata. Kinyofoe kwa patasi hiyo hiyo, kidogo kidogo.

Kama una mlango mmoja au miwili tu, usiazime mashine ya mtu. Laza msumeno wa mkono wenye meno madogo juu ya kipande cha laminati na foamu yake, kata taratibu. Kwa fremu ya mbao ngumu kama mkongo mikono itachoka, utapumzika mara mbili au tatu kabla ya mguu mmoja kwisha.