MGB nyumbani: anza na chuma cha chini

Mtu akipata MGB ya zamani, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, na kutaka kuifufua kwa mkono wake, karibu kila mara swali lake la kwanza kwangu huwa la rangi: ile kijani iliyokolea apate wapi, na nani anapuliza vizuri. Mimi humuuliza kama ameshalala chini ya gari na tochi na bisibisi. MGB haiuawi na injini, wala haiuawi na rangi iliyopauka. Inauawa na kutu, na kutu hiyo huanzia pale usipopaona ukiwa umesimama.

Yangu ni ya 1969, ile ya wazi yenye turubai. Naifanyia kazi hapa Uingereza katika gereji ya pembeni mwa nyumba, yenye nafasi ya gari moja na meza ya kazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wapenzi wa magari haya tupo, huku na kule nyumbani, na maelezo ya ufundi wake kwa lugha yetu ni machache mno.

MGB ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa 1980, na zilitoka zaidi ya 500,000. Wingi huo ndio unaokusaidia leo. Karibu kila kipuri kinapatikana kipya, na kampuni ya British Motor Heritage iliyopo Witney huuza hata bodi nzima, iliyopigwa kwa mashine za kiwanda cha zamani. Kwa anayeanza, sioni gari la michezo la Kiingereza linalomfaa zaidi ya hili.

Sasa tuingie chini. MGB haina chesisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Na kwa gari lisilo na paa la bati, mzigo mkubwa unabebwa na mihimili miwili inayopita chini ya milango. Kila mhimili ni boksi la mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja: bati la nje unaloliona, bati la katikati lililosimama wima, na reli ya chini. Maji na matope huingia kutoka kwenye tundu la gurudumu la mbele, yakakaa ndani, na chuma kikaliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona kipele kidogo cha kutu juu ya rangi, ujue ndani mambo yamekwenda mbali. Huku kwetu barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu isishike, na chumvi hiyo huharakisha uharibifu. Aliye Mombasa, Tanga au Unguja, upepo wa bahari unamfanyia kazi hiyohiyo mwaka mzima.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Funga mlango, tazama mwanya kati ya mlango na bodi kwa nyuma, kisha piga jeki gari upande huo. Mwanya ukibana, au mlango ukikataa kufunguka, gari linapinda kwa sababu mhimili hauna nguvu tena. Chukua pia sumaku ndogo, uifunike kwa kitambaa laini, upitishe chini ya milango na nyuma ya magurudumu ya mbele. Pasiposhika, hapo pamejazwa puti. Halafu angalia kama kuna bati jipya lililofunikwa juu ya lililooza. Hiyo ni kazi ya kudanganyia macho, na ndiyo inayofanya watu walipe bei ya gari zima kwa gari lisilo na nguvu.

Kama mihimili imeoza, itakatwa yote na kuwekwa mipya. Hapa ndipo ninapomwomba mtu awe na subira kuliko mahali pengine popote. Kabla ya kukata chochote, gari likae sawasawa juu ya stendi imara, upime mianya ya milango na kuiandika, kisha uchomelee vyuma vya kushikilia kukatiza uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Kata upande mmoja tu, umalize, upime tena, ndipo uhamie wa pili. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja bila vishikilio, bodi itajikunja katikati, na milango haitafunga sawa tena hata ukiitengeneza kwa ustadi gani. Kama hujui kuchomelea, tafuta fundi wa bodi anayeyajua magari haya na umwachie hatua hii. Nyingine zote unaweza kuzifanya mwenyewe.

Wakati wa kuchomelea, ondoa betri. Gari la umri wa langu lina betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, chini ya kifuniko cha sakafu, na visanduku vyake ni sehemu nyingine inayooza sana. Toa mazulia na viti, toa tangi la mafuta kama unafanya kazi upande wa nyuma, na weka kizimamoto pale mkono unapofika. Ile lami iliyopakwa chini ya gari inashika moto.

Jambo lingine ninalolishikilia: usilivunje gari lote kwa mpigo. Gari lililotawanywa kwenye makopo na maboksi hugeuka kuwa mzigo, nafsi ikachoka, na mwishowe linauzwa vipande vipande. Mimi hutengeneza mfumo mmoja, nikaurudisha, nikaujaribu, ndipo nafungua mwingine. Gari linabaki gari. Hata rangi inaweza kusubiri msimu mzima wakati unaliendesha na kuligundua.

Baada ya chuma ni breki, na hapa hakuna kubahatisha. Mbele kuna diski, nyuma kuna madramu. Mipira ya breki ya zamani, yaani yale mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu, huvimba kwa ndani bila kuonyesha dalili kwa nje. Ukiachia pedali, gurudumu linabaki limeshikwa, au gari linavuta upande mmoja. Ibadilishe yote bila kujadiliana na nafsi. Mabomba ya chuma yaliyoshika kutu nayabadilisha kwa yale ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, maana hayaozi. Mafuta ya breki ni DOT 4, nayo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo nayamwaga na kuweka mapya kila baada ya miaka miwili. Tahadhari moja kubwa: viatu vya breki na pedi za zamani huenda zina asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Usipulize vumbi la dramu kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa, na uvae barakoa ya vumbi iliyo bora.

Umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, umesemwa vibaya sana, nami nautetea. Mpangilio wake ni rahisi mtu akishajua rangi za waya. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, hauna fyuzi. Zambarau ni moto wa wakati wote uliopita kwenye fyuzi. Nyeupe huwaka ufunguo ukifunguliwa, kijani ni hiyohiyo baada ya fyuzi, na nyeusi ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Kwa maarifa hayo na taa ya kupimia, hitilafu nyingi utazipata mwenyewe. Na mara nyingi utakuta kosa ni ardhi: nati iliyoshika kutu pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi, au viungio vidogo vya kuchomeka vilivyopata ukungu. Visugue kwa msasa mwembamba, paka grisi ya umeme, rudisha. Ila kabla ya kufunga redio au kifaa chochote, hakikisha ardhi ya gari lako ni ipi. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zilitoka kiwandani na ardhi ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya sasa, na kuna zilizobadilishwa baadaye.

Injini yenyewe, ya sentimita za ujazo 1,798, ni ngumu na inasamehe. Za hadi 1964 zina beringi kuu tatu za kushikilia krankshafti, za baadaye tano. Naipa oili nzito ya 20W-50, kwa sababu ndiyo iliyokusudiwa; oili nyepesi za magari mapya haziifai. Ukitaka izunguke vizuri, fuata mpangilio: vali kwanza, kisha moto wa plagi, kabureta mwisho. Nafasi ya vali ni inchi 0.015 injini ikiwa baridi, ya platini (viguso vinavyokata umeme ndani ya distribyuta) ni inchi 0.015 pia, ya plagi inchi 0.025, na silinda hulipuka kwa zamu ya 1-3-4-2. Kabureta mbili za SU hulaumiwa kwa makosa ya platini iliyochakaa au kondensa iliyokufa. Ukizigusa kabla hujanyoosha moto, unapoteza mizani iliyokuwepo na tatizo linabaki palepale. Ukizifikia kabureta, fungua vifuniko vyake vya juu na uweke oili kidogo kwenye vijiti vyake. Kisha shika kipande cha mpira wa bomba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, usikilize mlio wa hewa. Urekebishe mpaka zote mbili ziimbe sawa.

Petroli nayo ina habari yake. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa kwenye vituo vya Uingereza mwaka 2000, na vichwa vya zamani vya injini vilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya vali za kutolea moshi. Siku kichwa kikifunguliwa, weka viti vigumu, na jambo hilo litakuwa limekwisha. Tangu 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hula mipira ya zamani. Mimi natumia ile ghali ya E5, na mipira yote ya mafuta nimeiweka mipya. Ukisikia harufu ya petroli gerejini, simamisha kila kitu mpaka ujue inatoka wapi.

Mbele kuna kingipini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia, zenye niple za grisi, na hizo zinataka grisi kila maili 3,000, gurudumu likiwa limeinuliwa ili grisi ipenye. Ni kazi ndogo sana, na ikiachwa inageuka kuwa gharama. Kama una ringi za spoki, mwambie mtu akanyage breki wakati gurudumu liko juu, ulizungushe mbele na nyuma kwa mikono. Likicheza au kutoa mlio wa kugonga, meno ya habu, ile sehemu ya katikati inayoshika ringi, yamelika. Badilisha habu na ringi kwa pamoja, kwa sababu habu ya zamani itakula ringi mpya. Spana unazohitaji ni za inchi, 7/16, 1/2 na 9/16 zaidi ya zote. Za milimita zitakutafunia nati.

Na liendeshwe. Gari likikaa, breki zinashika, petroli inachacha, mipira inakauka. Hata wakati wa baridi natafuta siku kavu, baada ya mvua kuosha chumvi barabarani, nalitoa mpaka injini ipate joto la kutosha, kisha nalirudisha.

Kwa sheria ya hapa, gari likifikisha miaka 40 na likiwa halijabadilishwa sana, linaweza kusajiliwa kuwa la kihistoria, lisilipiwe kodi ya barabara wala kulazimika kukaguliwa kila mwaka. Langu nalipeleka kukaguliwa vilevile. Yule mkaguzi ana lifti, mimi nina stendi na mgongo wangu. Anaona kwa mwanga wa kutosha yale ninayoyapapasa gizani, na kwa ada hiyo ndogo najua kabla ya kiangazi kama kuna kingipini inayocheza au bomba linaloanza kutoboka.